Stempu za Mwanzo za Ukoloni Afrika Mashariki: Zikikutatiza, Anzia Hapa

Mtu akirithi albamu ya stempu za zamani, au akikuta bunda la bahasha ndani ya sanduku la ukoo, kitu cha kwanza anachofanya ni kupekua katalogi akitafuta picha inayofanana. Kwa stempu za Afrika Mashariki za kati ya 1890 na 1922, njia hiyo humpoteza mapema. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuja ikaondoka, serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake, Wajerumani wakatawala upande wa kusini kisha wakaondolewa vitani, na Zanzibar ikawa na sultani wake na stempu zake. Kila mabadiliko yalipotangulia kuliko stempu mpya zilizokuwa bado melini, watu wa posta walichukua stempu walizokuwa nazo wakazipiga chapa ya juu, yaani maneno au thamani mpya juu ya picha iliyokwisha kuchapwa. Ndiyo maana picha moja inaweza kuwa imetumika chini ya serikali mbili au tatu.

Utaratibu ninaoufuata ni huu: kwanza nasoma fedha iliyoandikwa kwenye stempu, halafu jina la nchi au kampuni, halafu chapa ya juu kama ipo, halafu karatasi na alama ya maji (mchoro uliofichwa ndani ya karatasi yenyewe), halafu muhuri wa posta. Rangi naiacha mwisho kabisa. Na katika hatua zote hizo stempu haitiwi maji. Sababu yake utaiona kwenye sehemu ya rangi.

Dalili: Fedha iliyoandikwa haieleweki, au hailingani na nchi

Hapa pana ushahidi mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo usiharakishe.

Ukiona anna na rupia, uko katika eneo la Waingereza au Zanzibar, mwanzoni kabisa. Anna 16 zilifanya rupia 1. Stempu za Kampuni ya Imperial British East Africa za 1890 ni za anna na rupia, na zile za kwanza za Mfalme Edward VII za 1903, zenye maneno "East Africa and Uganda Protectorates", nazo ni za anna. Kuanzia 1907 anna ziliondolewa, zikaja senti, lakini senti 100 za wakati huo zilikuwa rupia 1. Zanzibar iliingia kwenye senti mwaka 1908.

Senti hizi ndizo zinazowachanganya watu. Chukua stempu ya senti 10 yenye sura ya Mfalme George V. Kama imeandikwa "East Africa and Uganda Protectorates", hiyo ni senti ya rupia. Kama imeandikwa "Kenya and Uganda", ni senti ya shilingi, na haiwezi kuwa ya kabla ya 1922. Zanzibar iliendelea na rupia hadi 1936, kwa hiyo senti za visiwani na senti za bara za miaka ya 1920 si fedha moja hata kama barua zilivuka bahari ileile.

Upande wa Wajerumani mambo ni mepesi zaidi. Pesa 64 zilikuwa rupia 1, na stempu za pesa ziliendelea hadi 1905, zilipokuja stempu za heller, ambazo 100 zilifanya rupia 1. Stempu ya Wajerumani yenye picha ya merikebu, ikiwa imeandikwa pesa, ni ya mwanzo. Iliyoandikwa heller ni ya 1905 au baadaye. Jambo hilo peke yake humaliza nusu ya maswali ya watu kuhusu stempu za "Deutsch-Ostafrika" (Afrika Mashariki ya Wajerumani).

Na ukiona namba tupu, bila jina la fedha, imechapwa kwa herufi za mashine ya taipu kwenye kipande cha karatasi nyembamba yenye mistari, huku herufi U na G zikiwa pembeni, simama hapo hapo usiiguse tena kwa vidole. Hiyo huenda ni stempu ya kauri ya Uganda, yaani yenye bei kwa kauri, makombe ya baharini yaliyotumika kama fedha. Tutaifikia.

Dalili: Nchi iliyochapwa kwenye stempu si nchi iliyoandikwa juu yake

Hili si kosa, na mara nyingi ni dalili nzuri. Stempu za kwanza kabisa za Kampuni, za Mei 1890, zilikuwa stempu za Malkia Victoria za Uingereza zilizopigwa chapa ya "British East Africa Company" pamoja na thamani mpya: nusu anna juu ya peni 1, anna 1 juu ya peni 2, na anna 4 juu ya peni 5. Baadaye mwaka huohuo zikaja stempu za Kampuni yenyewe zenye jua na taji.

Kampuni ilipokabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza Julai 1895, stempu za jua na taji zilizobaki zilipigwa kwa mkono muhuri wa "British East Africa". Kisha zikatumika stempu za India zenye maneno hayohayo. Mwaka 1897 hata stempu za Zanzibar, zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, zilipigwa chapa ya "British East Africa". Mtu asiyejua historia hii akimwona sultani wa Zanzibar chini ya maneno hayo hudhani kuna mtu amecheza. Uganda nayo mwaka 1902 ilitumia stempu za British East Africa zilizopigwa neno "Uganda".

Wajerumani walianza vivyo hivyo. Stempu zao za 1893 ni stempu za kawaida za Ujerumani zilizopigwa thamani kwa pesa tu, bila jina la nchi. Hakuna neno "Afrika" popote, na wengi huzitupa kwenye rundo la stempu za Ulaya. Mwaka 1896 ndipo maneno "Deutsch-Ostafrika" yalipoongezwa.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia chapa ziliongezeka. "G.E.A." (German East Africa) juu ya stempu za East Africa and Uganda Protectorates ni ya Waingereza katika nchi waliyowanyang'anya Wajerumani, kuanzia 1917. "N.F." (Nyasaland Force) juu ya stempu za Nyasaland, ya 1916, ni ya jeshi lililoingia kutokea kusini. Stempu za Kongo ya Wabelgiji zenye mistari ya Kifaransa na Kiholanzi inayotaja kukaliwa na Ubelgiji ni za upande wa magharibi, walikoingia Wabelgiji mwaka 1916. Mwaka 1922 Tanganyika ilipata stempu zake za kichwa cha twiga, na mambo ya kuazima yakaisha.

Dalili: Hakuna chapa yoyote, ni stempu ya India au Ujerumani tu

Kabla hujaiweka kwenye ukurasa wa India, soma muhuri. India ilifungua ofisi ya posta Zanzibar mwaka 1868, ikafungwa baada ya muda mfupi, ikafunguliwa tena 1875. Kwa miaka yote hiyo hadi Novemba 1895, barua za Zanzibar zilibandikwa stempu za kawaida za India. Kitu pekee kinachozitofautisha ni muhuri unaosomeka Zanzibar. Vivyo hivyo stempu za Ujerumani zenye muhuri wa Lamu, Zanzibar, Bagamoyo au Dar es Salaam za kabla ya 1893. Ofisi ya Wajerumani ya Lamu ilifungwa 1891, na ya Zanzibar mwaka huohuo.

Kama muhuri umeangukia kona na unaona herufi tatu tu, piga picha, ikuze, linganisha umbo la herufi na nafasi kati yake. Wafaransa nao walikuwa na ofisi yao Zanzibar, 1889 hadi 1904, kwa hiyo hata stempu ya Ufaransa yenye thamani ya anna isikushtue.

Dalili: Stempu mbili ni pacha kwa macho, katalogi inazitaja mbili kwa bei tofauti

Chanzo karibu kila mara ni alama ya maji au aina ya karatasi.

Stempu za makoloni ya Uingereza zilichapwa kwenye karatasi yenye alama ya taji na herufi. Taji na CA (Crown Agents, mawakala wa makoloni) moja moja ni ya kuanzia 1882. Taji na CA nyingi zilizosambaa karatasi nzima ni ya kuanzia 1904. Na CA zilizoandikwa kwa mwandiko wa kuunganika ni ya kuanzia 1921. Stempu za Edward VII za anna zipo kwenye alama ya kwanza na kwenye ya pili, na sura ya mbele haikuambii tofauti. Chapa ya G.E.A. nayo iko kwenye alama ya pili na ya tatu. Zanzibar ilikuwa na alama yake, ua: ua moja kwa kila stempu, au maua mengi. Upande wa Wajerumani, stempu za merikebu za mwanzo hazina alama. Za baadaye zina alama za mithili ya vito vya pembe nne.

Namna ya kuiona: laza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, kwenye mwanga wa pembeni. Mara nyingi inatosha. Isipoonekana, tone mbili za mafuta mepesi ya kujaza viberiti vya petroli huifichua kwa sekunde chache kisha hukauka bila kudhuru gundi. Fanya mbali na moto, dirisha likiwa wazi, na usifanye hivyo kabisa kwa stempu zilizochapwa kwa taipu.

Kuhusu karatasi: kuanzia takriban 1905 baadhi ya stempu zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chokaa usoni. Katalogi za zamani hufundisha kuikwaruza kidogo kwa fedha halisi. Chokaa huacha mstari kama wa penseli. Sipendekezi. Mstari huo haufutiki, na stempu iliyokwaruzwa imeshapungua thamani. Inamisha stempu kwenye mwanga mkali: iliyopakwa chokaa ina wororo wa sare na rangi yake imekaa juu juu, haikuzama.

Dalili: Rangi si ile iliyotajwa

Zaidi ya nusu ya "rangi adimu" nilizoletewa kuangalia zilikuwa stempu zilizoogeshwa. Kampuni ya De La Rue ya London, iliyochapa nyingi ya stempu hizi, ilitumia kwa makusudi wino wa zambarau na kijani ambao haustahimili maji wala dawa. Lengo lilikuwa kumzuia mtu kufuta muhuri na kuitumia stempu tena. Ukiiloweka kwenye bakuli ili uitoe kwenye bahasha, zambarau hugeuka kijivu au hudhurungi iliyofifia, na kijani huelekea njano au buluu. Karatasi ya chokaa ni mbaya zaidi, kwa sababu chokaa chenyewe hulainika na kuondoka na picha.

Itazame nyuma. Kama karatasi imechukua rangi ya picha, au pembeni mwa meno (kingo zenye matundu) kuna kivuli cha rangi iliyotiririka, chanzo ni maji. Kama nyuma ni safi lakini uso umepauka sawasawa, na pembe moja iliyokuwa imefunikwa na stempu jirani bado ni kolevu, chanzo ni jua. Kama rangi imekuwa nyeusi kwa mabaka, hasa machungwa na nyekundu, mara nyingi ni hewa yenye salfa, au karatasi mbaya ya albamu.

Hakuna tiba ya wino uliokimbia. Dawa ni kutoiogesha tangu mwanzo. Stempu iliyo juu ya bahasha yake ibaki hapo. Bahasha yenye anwani, njia na tarehe ni ushahidi kamili wa barua iliyosafiri. Stempu iliyobanduliwa imepoteza nusu ya habari zake.

Dalili: Chapa ya juu inatia shaka

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Chapa nyingi za eneo hili zilipigwa kwa mkono au kwenye mitambo midogo, kwa hiyo kuzighushi ni rahisi. Chapa za Zanzibar juu ya stempu za India, za 1895, zilipigwa kwenye mtambo wa gazeti la *Zanzibar Gazette*, na makosa ya kupanga herufi yalikuwepo kweli. Maarufu ni "Zanzidar". Umaarufu huo umewafanya waghushi waipende.

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi, tafuta mahali ambapo wino wa chapa na wino wa muhuri vinakutana. Chapa ilipigwa kwanza, barua ikapigwa muhuri baadaye, kwa hiyo muhuri unapaswa kupita juu ya chapa. Ukiona herufi za chapa zimelala juu ya mstari wa muhuri, mtu alichukua stempu ya India iliyokwisha kutumika akaipiga "Zanzibar" nyumbani kwake. Wino mweusi juu ya mweusi ni mgumu kusoma. Geuza stempu polepole kwenye mwanga wa pembeni, maana wino wa chapa na wino wa muhuri haung'ai sawa. Soma pia muhuri wenyewe. Stempu yenye chapa ya Zanzibar na muhuri wa Bombay imejifichua yenyewe.

Chapa za "G.R. Mafia" zinahitaji tahadhari maalumu. Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, na stempu za Kijerumani zilizokutwa huko zikapigwa muhuri wa mkono. Idadi ilikuwa ndogo, muhuri ni maneno mawili tu, na stempu za merikebu zisizotumika zilikuwa rahisi kupatikana Ulaya. Matokeo yake ni kwamba nyingi zinazouzwa leo ni za kughushi. Usinunue ya Mafia bila cheti, hata ikiwa imekaa kwenye albamu ya zamani yenye vumbi la kweli.

Dalili: Muhuri wa posta hauaminiki

Anza na tarehe. Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza tarehe 4 Septemba 1916. Stempu ya merikebu yenye muhuri wa Kijerumani wa Dar es Salaam wa baada ya siku hiyo ni ya uongo. Tanga ilitekwa Julai mwaka huohuo. Sababu ya udanganyifu huu inajulikana: Berlin iliendelea kuchapa na kuwauzia wakusanyaji stempu za makoloni hata baada ya makoloni yenyewe kupotea. Stempu hizo zisizotumika ni nyingi na rahisi, zilizotumika kweli ni chache, na muhuri wa kughushi ndio unaoziba pengo.

Kwa makoloni ya Uingereza kuna mihuri ya Madame Joseph. Hilo ni jina la biashara ya kughushi ya London ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, iliyokuwa na mamia ya mihuri ya posta za makoloni, kila mmoja na tarehe zake. Mihuri yenyewe iko mikononi mwa Royal Philatelic Society London, imechapishwa na kupigwa picha, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Dalili ya kukufanya ulinganishe ni muhuri uliokaa vizuri mno kwenye stempu ya bei kubwa, unaosomeka wote, na tarehe ileile inayojirudia kwenye stempu zisizohusiana.

Kuna pia stempu za thamani kubwa zilizotumika kwenye hati za ushuru badala ya barua. Stempu za Kenya na Uganda za 1922 zilifika hadi pauni 100, na hakuna barua iliyohitaji pauni 100. Zilikatwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi, kisha waghushi wakasafisha wino na kuipiga stempu muhuri wa posta. Iweke chini ya taa ya urujuanimno: mistari ya kalamu iliyosafishwa hurudi kama kivuli. Taa hiyohiyo hufichua karatasi ya kisasa, ambayo hung'aa nyeupe ya buluu kwa dawa za kung'arisha ambazo hazikuwepo wakati wa Malkia Victoria.

Dalili: Meno hayalingani, au hayapo

Meno hupimwa kwa idadi ya matundu katika sentimita 2. Nyingi ya stempu hizi ni 14. Stempu ya jua na taji isiyo na meno ipo kihalali, lakini iliyokatwa meno kwa mkasi ipo pia. Pima upana: isiyo na meno ya kweli lazima iwe na nafasi kubwa kila upande, kubwa kuliko ya ndugu yake mwenye meno. Ikiwa nyembamba, ni ya mkasi. Upande mmoja ukiwa mnyoofu kupita kiasi na matundu yake makavu bila nyuzi za karatasi, umetobolewa upya.

Dalili: Madoa ya kutu, gundi iliyonata, stempu inayojikunja

Hewa ya pwani ndiyo chanzo. Madoa ya kahawia ni kuvu, na huambukiza karatasi jirani, kwa hiyo itenge. Weka albamu wima, mahali pakavu penye hewa, usiikaze kwenye rafu. Stempu zilizogandana zisilazimishwe. Zifungie siku moja ndani ya chombo chenye unyevu mdogo bila kugusa maji, zitaachana zenyewe. Za zambarau na kijani usizifungie humo.

Stempu za kauri

Machi 1895 mmisionari Ernest Millar wa Church Missionary Society alichapa stempu za Uganda kwa mashine yake ya taipu, bei zikiwa kwa kauri, takriban 200 kwa rupia 1. Za mwanzo ni nyeusi na pana, za baadaye ni nyembamba zaidi, na wino wa zambarau ulifuata. Mwaka 1896 zilifuatwa na stempu zilizopangwa kwa herufi za chapa za misheni. Ughushi wake ni mwingi kwa sababu mtu alihitaji taipu ya zamani na karatasi tu. Unaweza kuangalia kama karatasi ina mistari inayopaswa kuwepo na kama herufi zimebonyea nyuma, lakini usijiamulie. Hakuna stempu ya eneo hili inayohitaji jicho la mtaalamu kuliko hii.

Kwa stempu za Waingereza, vyeti vinavyokubalika ni vya Royal Philatelic Society London na vya BPA Expertising; kwa za Wajerumani, wakaguzi wa Bund Philatelistischer Prüfer. Kabla ya kutuma, piga picha mbele na nyuma kwa mwanga wa mchana, zionyeshe na kingo zote nne, itume kwenye bahasha yake kama bado ipo, na usiondoe kibandiko cha zamani kilicho nyuma. Hata kibandiko hicho mkaguzi hukisoma.